Beji ya Manjano Chini ya Buibui

Niliaibika, sikatai, tena niliaibika mchana kweupe, kichwa wazi, gauni limenirowa, mbele ya nusu ya mji wa Malindi na watalii wake, na kwa kuwa kila nikipita sokoni hadi leo kuna mtu anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa, bora niueleze mkasa wangu mwenyewe, maana nyinyi mkiusimulia mnautia chumvi ambayo hata mashamba ya chumvi ya Marereni hayana. Ila nawaambia mapema: mkitaka nijute, mtangoja sana.

Mimi jina langu Mwanaisha, wengi huniita Mama Swabra kwa jina la binti yangu. Nimezaliwa Mambrui nikaolewa Malindi, na kazi yangu ni kushona kofia, zile za mkono, za tundu moja moja (si za cherehani, tusivunjiane heshima). Lakini kabla ya sindano nilijua maji. Mamangu alikuwa akinipeleka mwambani kila bamvua, maji yakipwa sana, kutafuta pweza, akinionyesha njia za maji, kwamba kitu kikiponyoka hapa maji yakipwa, usikikimbilie, nenda kakingoje kule yakijaa. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusonga ugali. Wanaume wengi wa mji hawakulijua hilo na mimi sikuwa na haja ya kuwaambia.

Sasa, miaka hiyo ya themanini watalii walikuwa wamejaa, wanaoga wasipopajua, mto Sabaki nao ukifurika unachukua watu wa mashamba, kukaundwa kikundi cha kujitolea cha kutafuta na kuokoa watu. Mwenyekiti wake alikuwa Maalim Shee, mtu wa heshima, sauti nzito, kila neno analipiga pasi kabla ya kulitoa. Walipata mashua yenye mashini, wakapata kamba na maboya, wakapata daftari. Na sisi wanawake wachache tukawa tunatembea ufukweni. Mtu akipotea, mashua inakwenda baharini na sisi tunakwenda kwa miguu, pale ninapojua mimi kwamba maji yatamleta.

Na waliletwa! Nilipata mabinti wawili waliochukuliwa na Sabaki, wamekumbatia gogo kwenye mikoko. Nilipata Mtaliano mmoja yuko uchi kama alivyozaliwa, anatetemeka, nikamtupia leso yangu huku nimegeuza uso (leso yenyewe ilikuwa mpya, niliivaa mara mbili tu, na haikurudi hadi leo). Nilimpata na mzee mmoja mvuvi, yeye tulichelewa, Mungu amrehemu, lakini wanawe walipata cha kuzika, na anayejua kukaa na msiba usio na kaburi anajua hilo ni jambo gani. Mara zote hizo mashua ilikuwa iko mbali huko inazunguka.

Basi ukafika mwaka wa sita, kamati ikaamua watu watunukiwe. Beji za kitambaa, za duara, buluu, katikati boya na kamba, pembeni uzi: mweupe kwa aliyetumikia mwaka, mwekundu kwa miaka mitatu, wa manjano kwa miaka mitano. Na nani atazishona? Mama Swabra. Maalim Shee akaja mwenyewe nyumbani na kitambaa na orodha ya watu ishirini. Nikampa kiti, nikaisoma orodha ile mara mbili, maana mimi husoma polepole nikiwa na hasira.

"Maalim," nikamwambia, "mbona simuoni mwanamke hata mmoja?"

"Mama Swabra, nyinyi ni wasaidizi wetu wakubwa. Malipo yenu yako kwa Mungu."

"Na yenu hayako kwa Mungu?"

"Yako."

"Mbona basi nyinyi mnapata na beji?"

Akatabasamu lile tabasamu la kumsubiri mtoto amalize kulia. "Tunafuata daftari. Daftari linaandika waliopanda mashua. Asiyepanda hakuandikwa, na asiyeandikwa siwezi kumtunuku. Utaratibu ni utaratibu."

"Nipandisheni basi."

"Astaghfirullahi! Mwanamke wa watu, mashuani, na wanaume sita?"

Mwaona? Mlango wamefunga wao, halafu wananiuliza mbona sikuingia.

Nikazishona. Ishirini zote, nzuri, hata upande wa nyuma ungefikiri ndio wa mbele. Nilipomaliza kikabaki kipande cha kitambaa kiasi cha kiganja, na uzi wa manjano kidogo kwenye kigurudumu chake. Nikakitazama. Nikainuka nikaosha vyombo, nikarudi, bado kipo. Nikajiambia, Mwanaisha, huu ni mwaka wa sita unatembea ufukweni, miguu imepasuka, na kitambaa kimebaki, uzi umebaki, kwani Mungu hana njia zake? Nikakaa nikashona ya ishirini na moja. Ya manjano. Nikaishonea kwenye gauni langu la kijani, kifuani upande wa kushoto, kwa mishono midogo midogo ya tundu za kofia ambayo haing'oki hata kwa meno. Na sikuiba sifa ya mtu, maana juu ya gauni kuna buibui, na buibui likifungwa nani ataona? Ilikuwa ni yangu na kifua changu. Nilitaka tu siku ile wanaume wanapigiwa makofi na mimi niwe nayo, basi. Ndiyo dhambi yangu yote hiyo.

Siku ikafika, Jumamosi asubuhi, ufukweni. Turubai, viti, kipaza sauti, mgeni rasmi mkubwa mmoja wa serikali katoka Mombasa na suti yake, jasho linamtiririka. Beji zimepangwa kwenye sinia, sinia iko mezani mbele ya mgeni pamoja na soda yake na karatasi za hotuba, na mimi nimewekwa pembeni ya meza ile nimpokeze Maalim Shee beji moja moja. (Kushona nishone, kupokeza nipokeze, kuvaa nisivae.) Nyuma yangu amekaa wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, ambaye ulimi wake ungeweza kukata kamba ya nanga.

Kabla ya kutunuku kulikuwa na maonyesho ya kuokoa mtu. Kazungu, mhudumu wa hoteli mmoja, kijana wa mbwembwe, ataingia majini ajifanye anazama, mashua itakwenda imtoe. Nilikuwa nimeshamwambia Maalim Shee siku mbili nyuma kwamba saa zile maji yanapwa, mkondo unavuta kwenda nje, wangoje yajae. Akanijibu, "Mgeni rasmi hafuati maji, Mama Swabra." Haya.

Kazungu akaingia. Akafika maji ya shingo, akaanza. "Nakufaaa! Niokoeni! Mamangu weee!" Anarusha mikono, anapiga maji, watu wanacheka, mgeni rasmi anacheka, Wataliano wanapiga picha. Katibu wetu, Katana, kijana mpole wa Kaloleni, yuko mashuani anavuta kamba ya mashini. Ikakohoa ikanyamaza. Akavuta tena. Ikakohoa. Watu wakazidi kucheka, na Maalim Shee kwenye kipaza sauti anasema, "Mtaona sasa, ndugu zangu, mtaona sasa hivi," na hatuoni kitu.

Hapo Kazungu akanyamaza.

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo mnaponichekea. Mtu anayepiga kelele majini bado ana pumzi. Anayezama kweli hana sauti, kichwa kinalala nyuma, mdomo unakuwa sawa na maji, mikono inapotelea chini, na ukimtazama kwa mbali utadhani anapumzika. Mimi nilishaiona mara moja, mwambani, kwa shoga wa mamangu, tena hakuwa mbali na sisi. Na Kazungu alikuwa vivyo hivyo, kichwa nyuma, kimya, na mkondo unamvuta polepole kwenda nje, na watu mia wanapiga makofi.

"Wifi," nikamwambia Zuhura, "yule anakufa."

"Anaigiza, wifi. Tulia."

"Anakufa!"

Sikumbuki kulivua buibui. Nakumbuka kulirusha nyuma, na naambiwa liliangukia mezani, likamwaga soda juu ya hotuba ya mgeni rasmi, sinia ikapinduka, beji ishirini zikatawanyika mchangani, na upande mmoja wa buibui ukamfunika mgeni mwenyewe kuanzia kichwani hadi kwenye tai. Mimi siko. Mimi nishaingia majini na gauni langu la kijani. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Nilimfikia kwa nyuma, kama ipasavyo, nikampitishia mkono shingoni. Akafungua macho! Akapiga yowe, akaanza kupigana nami, na mimi najua mtu anayezama humpanda mwokozi wake kama ngazi, kwa hiyo nikamzaba kibao kimoja cha kumtuliza. Akafungua mdomo kunitukana, akala wimbi zima. "Mama... niache... na... na..." Hakumaliza, akala la pili. Nikasema ona alivyo taabani, nikamburuta kwa ukosi wa shati hadi nchi kavu, nikamlaza kwa tumbo, nikamkandamiza mgongo, akatapika maji ya chumvi na mahamri yote ya asubuhi.

Alipopata pumzi akageuka, macho mekundu. "Mama Swabra! Naigiza!"

"Ulikuwa umenyamaza!"

"Si wewe uliyetufundisha? Si ulisema anayezama kweli hapigi kelele? Nimeigiza kama ulivyosema!"

Wallahi ningepewa shimo ningeingia. Ni kweli nilisema. Tulikuwa tunakunywa chai na vijana wa kikundi, nikawaeleza, na katika wote wale waliokuwa wanachezea vikombe kumbe mmoja alinisikiliza, na ndiye huyu.

Lakini watu hawakusikia maneno yetu. Waliona mwanamke kaingia majini, kamtoa mtu, mtu katapika, wakadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Makofi! Vigelegele! Mgeni rasmi ameshajitoa kwenye buibui, kasimama, anapiga makofi kuliko wote, akamnyang'anya Maalim Shee kipaza sauti.

"Hii ndiyo kazi!" akasema. "Huyu mama ni nani? Na tazameni, tayari ana beji ya miaka mitano! Nisomeeni jina lake, nataka nimpe mkono."

Ndipo nikajitazama. Gauni limenigandama, nywele ziko nje, na kifuani beji inang'aa uzi wa manjano kama taa ya gari. Sijawahi kusimama mbele ya wanaume namna ile tangu nivunje ungo. Nikaweka mkono juu ya beji, kisha nikaona mkono ukiwa kifuani mambo yanazidi ubaya, nikautoa.

Maalim Shee akafungua orodha. Akaisoma juu mpaka chini kana kwamba haijui. Akainua uso. Angeweza kunyamaza, jamani, angeweza kusema jina langu tu tukamaliza. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Samahani, mheshimiwa," akasema, na kipaza sauti bado kiko wazi, Malindi nzima inasikia. "Beji hiyo haikutolewa na kamati. Mama Swabra, umeipata wapi?"

Hata Kazungu aliacha kukohoa.

"Nimeishona," nikasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Na hizo ishirini zilizoko mchangani nilizishona kwa mkono huu huu. Hizo hukuuliza ruhusa."

Watu wakaguna, wengine wakacheka, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutetemeka, sijui baridi, sijui haya, sijui hasira, vyote vilikuja pamoja.

"Itoe," akasema Maalim Shee. "Itoe sasa hivi mbele ya mgeni."

Nikafikiria kuitoa. Kweli. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka kuitoa, nilie, nikimbie nyumbani. Kisha nikamkumbuka yule mzee mvuvi, namna nilivyokaa naye peke yangu saa mbili nikimfukuzia kaa, nikingoja mashua yenye daftari ifike.

"Njoo uitoe wewe," nikamwambia.

Akapiga hatua moja. Akasimama. Maana beji iko wapi? Iko kifuani mwa mke wa mtu, tundu za kofia, kuing'oa yataka kushika, na kushika yataka moyo. Akamtazama Katana, Katana akatazama mashini. Akamtazama mweka hazina, mweka hazina akaanza kuokota beji mchangani. Mgeni rasmi akagundua ghafla kwamba kiatu chake hakikufungwa vizuri. Wanaume ishirini wa kuokoa watu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunisogelea.

Ni Zuhura aliyekuja. Nikajua sasa ndiyo ninachambwa, na nikichambwa na wifi mbele ya watu nimekwisha. Akaninong'oneza, "Na tumbo lote hilo umelificha wapi siku zote, wifi?" Akavua leso yake ya juu, akanifunika kichwa, akanipitishia mabegani, akaifunga vizuri, upande wa kulia mpaka chini. Upande wa kushoto akaukunja. Beji akaiacha nje. Kisha akanishika mkono tukaondoka, polepole, katikati ya watu, kama bibi harusi anayetolewa, na maji yananidondoka kila hatua.

Nyumbani nililia, nisiwadanganye. Nililia mpaka adhuhuri, kwa nywele zangu, kwa buibui nililoliacha mezani, kwa jina la mume wangu. Yeye alikuwa kazini kwenye chumvi kule Marereni, akarudi Jumapili, na kabla hajavua viatu nikajua keshaambiwa.

"Imefika mpaka Marereni?" nikamuuliza.

"Imefika, na njiani imenenepa. Wanasema uliyemzaba kibao ni mgeni rasmi." Akakaa kitandani. Akasema, "Nionyeshe hiyo beji." Nikamwonyesha. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akasema kazi ni safi, kisha akaomba chakula. Ndiye mume niliyepewa, na simbadilishi.

Jumatatu ikaja barua ya kamati. Kwamba kwa utovu wa nidhamu nimeondolewa katika kikundi, na jina langu limefutwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Limefutwa wapi? Katika daftari ambamo halikuwahi kuandikwa? Asante ya punda mateke, lakini hata punda huwa anajua amempiga nani.

Nikakaa na kofia zangu. Mwezi ukapita. Halafu alasiri moja nikasikia hodi, nikamwona Katana mlangoni, jasho, miguu ina mchanga, daftari kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekosa nini?"

"Kuna mama mmoja wa Mambrui, alikwenda pweza asubuhi, hajarudi. Maji yanajaa. Mashua inazunguka tangu saa saba." Akashusha macho. "Maalim Shee ndiye aliyenituma. Amesema... amesema tafadhali."

Nilikuwa na maneno, jamani! Nilikuwa nayo ya mwezi mzima, nimeyapanga kama mikate. Lakini yule mwanamke aliko hayawezi kumsaidia. Nikachoma sindano kwenye kofia, nikachukua buibui, nikatoka, na Katana akabaki amesimama mlangoni pangu hajui kama nimekubali au nimekataa.

"Fungua daftari," nikamwambia.

"Sasa hivi, mama?"

"Andika huku tukitembea."

Akaandika. Anatembea, anajikwaa, penseli inaruka, ameandika Mwanaisha kwa mistari mitatu, na alipofika mwisho akauliza aandike nimepanda nini, maana kuna sehemu ya mashua. Nikamwambia aandike miguu.

Tulifika Mambrui maji yako magotini. Nikawauliza wenziwe alipoonekana mara ya mwisho, nikageuka, nikaenda upande ambao mashua haikuwako, na tulimkuta juu ya jiwe, maji yamemfika kidevuni, kikapu cha pweza bado kiko begani, hapigi kelele, kichwa kimeanza kulala nyuma. Safari hii hakuwa anaigiza. Tulimtoa mimi na Katana, na yule mama alipopata sauti kitu cha kwanza alichouliza ni kama pweza wake wako salama.

Sasa mnataka niseme nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba nikimwona mtu kanyamaza majini nitaingia tena, na akiwa anaigiza nitamzaba kibao tena, bora nichekwe na aliye hai. Na nimetubu jambo moja, hilo naapa mbele yenu kwamba sitalirudia maisha yangu: kuishona beji ndani. Nilipotoka Mambrui siku ile niliifumua kwenye gauni, kazi ya usiku na nusu kwa tundu zile, nikaishona juu ya buibui. Ipo hapa, upande wa kushoto. Aliye na ruhusa ya kuitoa na aje.